Kompyuta Uliyoingoja, Tonton

Tonton Anselme,

Kompyuta mpya imefika. Naanza na hiyo kwa sababu najua ungenikata maneno kama ningeanza na salamu nyingi. Imekuja na ndege kutoka Goma, na Kambale, yule muuza vifaa wetu, ndiye aliyeipokea uwanjani. Kutoka uwanja huo wa Bangboka mpaka studio yetu ya parokia imebebwa na baiskeli mbili za toleka, zile za kukodi, moja ikibeba mashine, nyingine ekrani. Huyu wa ekrani aliteleza kwenye tope pale kwenye barrière, kizuizi cha askari, akaingiza mguu wake chini ya boksi lisigonge chini. Amechubuka vibaya. Nilimnunulia mikate na chai, nikamwambia kuna mtu mmoja ambaye angembusu huo mguu, lakini hayupo tena.

Miezi minane sasa tangu tukuzike. Nakuandikia kwa Kiswahili hiki cha shule, wewe ungecheka, ungesema, "Béa, unaandika kama tangazo la misa." Bon, vumilia. Nina jambo zito la kukuambia na Kiswahili cha sokoni kitanifanya nilie.

Unakumbuka ile revue, jarida la watu wa studio? Kambale alikuwa anatuletea kila alipotoka Goma, imechelewa miezi mitano, sita, kurasa zimelowa na kukauka tena. Macho yako sukari ilikuwa imeshayaharibu, na Kifaransa cha vitabu ulisema kinakuchosha, basi kazi yangu ilikuwa kusoma na kukueleza. Habari za maikrofoni ulinirukisha. Ulitaka ukurasa mmoja tu, ule wa fununu: kompyuta gani inatengenezwa, système gani ya kuziendesha inakufa, ipi inakuja. Mji mzima ulikuwa umejaa uvumi. Mara bato, ile meli ya mtoni, inapanda kutoka Kinshasa na chumvi, mara askari wa kigeni wanaondoka Ijumaa, mara hawaondoki. Wewe hukuamini hata moja. Ulikuwa ukisema, "Habari ya vita waachie watu ya soko. Mimi uniletee radio-trottoir, uvumi ya barabarani, ya ma-ordinatere."

Na hiyo uliiamini yote! Mtu ambaye hakuamini tangazo la askofu mpaka aone mhuri.

Ile mashine yetu ya zamani ilikuwa inabeba sauti nane tu kwa pamoja, ya tisa ikiingia inakwama. Revue ikasema zinakuja mashine za kubeba sauti hata mia, na système mpya isiyozimika ovyo katikati ya wimbo. Tangu siku hiyo hukumaliza wimbo hata mmoja. Tulirekodi kwaya baada ya kwaya, kila sauti kwenye mstari wake, soprano huku, besi huku, ngoma huku, halafu unafunga, unasema mixage, kuzichanganya sauti ziwe wimbo mmoja, itafanywa kwenye mashine mpya. Kwaya zilikuja kuulizia kaseti zao, ukawarudisha kwa upole. "Mixage iko sawa na ndoa ya padri, haufanyake mara mbili. Tungoje ile mupya." Hata kaseti ya haraka-haraka hukutaka kuwapa, ulisema ikitoka mbaya ndiyo hiyo watu wataijua.

Sasa nisikilize vizuri, Tonton. Hili ndilo jambo.

Baada ya ile vita ya siku sita, ulilala kitandani ukageukia ukuta. Mabomu yalikuwa yamenyamaza lakini dawa zako hazikuwa zinafika, na tulikuwa tumesikia kutoka ng'ambo ya mto kwamba Élodie wa kwaya ya Lubunga ameuawa ndani ya nyumba yao, yule ambaye wiki mbili kabla alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni yetu akituomba maji. Hukula siku tatu. Mama Véro, mkeo, aliniambia, "Ingia wewe, labda atakusikia." Niliingia na revue. Nikafungua ukurasa wako. Pale paliandikwa kwamba hakuna anayejua kama kazi za programu za zamani zitafunguka kwenye système mpya, na kwamba wengi wanaogopa hazitafunguka.

Mimi nikakuambia, "Tonton, wanasema zitafunguka zote. Bila shida."

Ukageuka. Ukaniuliza, "Yote? Hata ya Lubunga?" Nikasema hata ya Lubunga. Ukakaa kitandani, ukaomba sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Mama Véro alikimbia jikoni akilia kwa furaha. Ningeweza kukuambia ukweli siku iliyofuata, ungekuwa umeshashiba, ungenigombeza na yangeisha. Sikusema. Revue tatu zilikuja baada ya hapo, kila moja ikiwa mbaya kuliko iliyotangulia, na kila mara nilisoma kimya, kisha nikakupa kile ulichotaka. Ukafa ukiamini. Uliendelea kungoja kwa sababu yangu.

Kwa hiyo mashine ilipofika nilifunga mlango kwanza. Nikaiwasha. Nzuri, Tonton, siwezi kusema uongo tena, nzuri sana, inawaka bila kelele. Nikaweka programu yetu. Kikatokea kisanduku cha kijivu kikisema kwamba programu hii haifahamiki. Nikaihamishia carte son yetu, kadi ya kuingizia sauti, ile uliyoifuta vumbi kwa shati lako mwenyewe. Haikuitambua. Nikajaribu siku mbili. Niliweza kunakili vipande vya sauti, lakini vilikuja kama mavuno yaliyomwagwa njiani, mamia ya vipande vyenye namba tu, hujui kipi kinaanza wapi.

Siku ya tatu abbé, padri wetu, alikuja, akasifu ekrani, akasema mashine ya zamani inakwenda secrétariat, ofisi ya parokia. Watafuta disque dur yote, pale nyimbo zetu zilipohifadhiwa, waweke système nyingine ya kuandikia barua. Ana haki, secrétariat wanaandika vyeti vya ubatizo kwa mkono tangu ile yao ilipoungua. Nikamwomba wiki mbili. Akanipa siku kumi.

Alipotoka nilikupigia kelele. Ndiyo, wewe. Chumba kitupu, magodoro yetu ya kuzuia kelele kwenye kuta, nikasema kwa sauti, "Na wewe! Ungemaliza hata mmoja! Mmoja tu!" Halafu nikakaa chini, kwa sababu nilijua vizuri nani anastahili hizo kelele. Sauti za watu wote hao zilikuwa zimefungiwa ndani ya ile mashine, na wengine wao hatuwezi kuwaita waje kuimba tena.

Kambale ndiye aliyenipa njia, bila kujua. Alisema, "Kama haitaki kusoma, basi imusikilize." Kweli. Nikaziweka mashine mbili kwenye meza moja, nikavuta waya kutoka ya zamani kuingia mpya. Ya zamani inaimba, mpya inarekodi. Hakuna njia ya mkato hapo: wimbo wa dakika sita ni dakika sita, na umeme wa bwawa la Tshopo ukikatika dakika ya tano unarudi mwanzo. Umeme ulitupa saa chache tu mchana, wakati mwingine hapana kabisa. Na kwa kuwa kinachopita kwenye waya ni sauti zote zimechanganywa tayari, ilibidi mimi nifanye mixage. Mimi, ambaye ulinikataza kugusa vile vitufe.

Nilianza na Lubunga. Nikaleta sauti ya Élodie mbele, juu ya wote, nikaiongezea mwangwi kidogo, nikalia mwenyewe kwa uzuri wake. Nikamtumia mama yake ujumbe. Mama Albertine, unamjua, yeye ndiye anaongoza ile kwaya. Alivuka kwa mtumbwi asubuhi, akaja na kanga yake ya maombolezo bado mwilini, akaketi kwenye kiti chako. Nilimchezea. Alisikiliza mpaka mwisho, macho makavu. Kisha akasema, "Mushushe."

Nilifikiri hakusikia vizuri. Akarudia, "Mushushe, mwanangu. Huyu hakuimbaka juu ya wenzake. Alikuwa na haya. Alikuwa anajificha nyuma ya Mama Odette. Umuweke pale."

Nikamshusha. Akasema bado. Nikamshusha tena, mpaka mimi nikawa simsikii isipokuwa nikimtafuta. Hapo ndipo Mama Albertine alipofunga macho. "Eeh. Huyu sasa ni yeye." Na akalia, Tonton, akalia mpaka nikaogopa, na alipomaliza akaomba nicheze tena.

Baada ya hapo nilijua la kufanya. Kila kwaya niliita mtu wake, aje akae kwenye kiti, aniambie nani alisimama wapi. Hakuna revue iliyoandika hilo. Hata mashine ya sauti mia isingelijua. Siku kumi hizo nilifanya kazi kama punda, nikala kwanga, mkate wetu wa muhogo, huku mkono mmoja uko kwenye vitufe, na nimetoa nyimbo zote isipokuwa mbili za vijana wa Yangambi, ambazo disque ilikuwa imeshaziharibu. Nimewaandikia kuwaomba radhi. Siku ya kumi na moja walikuja kuchukua mashine. Sikutaka kuangalia, nikaenda kusimama nje.

Jumamosi iliyopita tulimaliza matanga yako. Watu walikuwa wengi, hata wale uliowanyima kaseti. Mama Véro alinivuta pembeni, akaniomba jambo dogo: nimchezee sauti yako. Neno lolote, alisema, hata ukigombana na mtu.

Nilikuwa nimeshasikiliza kila sekunde ya ile mashine, kwa hiyo nilijua. Hupo. Miaka yote hiyo, na hupo popote. Ulikuwa ukihesabu kwa vidole ili usichafue wimbo. Ukikohoa, unasimamisha kila kitu, unakata kikohozi, mnaanza tena. Umehifadhi mji mzima, wewe mwenyewe ukabaki nje. Nilimwambia Mama Véro hapana, hakuna. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusema ukweli nikamwambia na ule mwingine, wa revue, kwamba nilikudanganya na ndiyo maana hukumaliza kazi yako.

Aliweka chini sahani alizokuwa amebeba. Nilidhani atanifukuza mbele ya watu. Akasema, "Ile siku alikula." Basi. Akarudi kugawa sahani.

Sijui kama huo ni msamaha. Wako naungoja bado, nao hautafika kwa ndege ya Goma. Samahani, Tonton. Samahani kwa kila mara uliposema tungoje na mimi nikanyamaza. Nilitaka uamke kitandani, sikuwaza zaidi ya hapo. Nakukosa kila ninapokaa kwenye kile kiti, na ninakaa kila siku.

Pumzika sasa. Uvumi mpya upo, Kambale ameleta revue nyingine: wanasema hata hii système yetu mpya nayo inakufa, kuna nyingine inakuja. Sitaingoja. Nakuahidi, wimbo ukiimbwa kwangu utamalizika wakati waimbaji bado wako mlangoni wanavaa viatu. Na nakuahidi hili lingine, ambalo nimeshalianza. Jana niliwarekodi akina mama wa Lubunga. Mwanzoni kabisa, kabla ya ngoma, kuna sauti ya mwanamke mmoja asiyejua kuimba, inakwaruza kidogo, inasema: "Kwenye mashine ni Béa. Aliyenifundisha ni Anselme." Mama Albertine aliuliza kama hiyo nitaikata.

Nikamwambia hapana, hiyo inabaki.

Béa wako