Mkono Ulioshika Bakuli

Karakana ya nyuma ya shule,
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa shemeji,

Hujambo? Mgongo unasemaje? Mara ya mwisho uliniambia mashuka ya hospitali mnayoyafua yamekuwa mazito kuliko wagonjwa wenyewe, nikacheka peke yangu njia nzima. Natumaini umepata nafasi ya kupumzika, na kwamba mumeo bado anacheka kabla ya kumaliza hadithi zake. Sisi huku tu wazima, mimi na mwanangu huyu, binti yako. Bado yupo kwa fundi cherehani, na sasa anaaminiwa kukata kitambaa. Mimi mwili uko sawa, ila usingizi wangu ni wa kuungaunga.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikimtaja dada yako wewe huanza kulia, kisha tunaishia kuulizana habari za mvua. Barua hii anakuja nayo jirani yetu muuza vitasa. Atakufikia kesho jioni.

Maktaba ya mjini imetenga chumba cha kuonyesha kazi za mikono. Watu wataingia Jumamosi hii. Mkutubi aliniomba picha tatu za mabakuli yangu ya mbao kwa ajili ya tangazo, nami nikampelekea. Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe.

Unajua kutangaza hakukuwa kazi yangu. Mimi nilikuwa na tezo ya kuchongea na msasa, dada yako alikuwa na simu na mdomo. Mtu akinunua bakuli la kumpa bibi harusi, miezi sita baadaye dada yako alikuwa anamwuliza kama bado halijapasuka, na bibi harusi je, hajambo? Mimi niliona ni umbea. Kumbe ndiyo biashara yenyewe. Waliomjibu ndio waliorudi.

Picha ya kwanza unaikumbuka? Tuliliweka bakuli dirishani penye mwanga, likawa linayumba, maana nilikuwa sijajua kusawazisha kitako. Akalishika kwa mkono wa kushoto, akapiga picha kwa wa kulia. Watu wakauliza, "Kumbe ni kubwa hivyo?" Tangu siku ile kila picha ikawa na mkono wake, na lile kovu la pasi chini ya kidole gumba. Wateja wakawa wanatujua kwa mkono.

Tangu tumzike sijapiga picha hata moja. Nimechonga mabakuli kumi na manne. Yako juu ya kabati, chini ya meza, mengine nimeyapanga kwenye kiti chake. Jirani aliingia juzi akauliza, "Fundi, unangoja gharika?"

Kwa hiyo mkutubi alipoomba picha, nilichagua za zamani, zenye mkono. Sikukusudia kumdanganya mtu. Niliona tu kwamba picha isiyo na mkono ule si yangu. Lakini mabakuli mawili kati ya yale matatu yaliuzwa zamani, na la tatu ndilo lile la kando ya kitanda. Ndani yake kuna miwani ya dada yako na vifungo alivyokuwa akiviokota kila mahali.

Jumatatu nilipita maktaba. Tangazo limebandikwa langoni, refu kama mlango, na mkono wa dada yako umekuwa mkubwa kuliko mimi. Hata kovu linaonekana. Nilisimama pale mpaka mlinzi akanionea huruma. "Mzee, ni Jumamosi. Leo hakuna kitu."

Nikaingia, nikamweleza mkutubi kwamba mabakuli ya langoni hayapo.

"Yote?"

"Moja lipo. Lakini siliuzi."

"Ah, fundi! Hilo ndilo linalokutoa jasho? Tutaandika kwamba yameshapata wenyewe. Watu hupenda kujua kuna waliowatangulia. Wewe leta uliyo nayo, na ujiandae kuongea. Nimekuwekea viti viwili."

"Viwili vya nini?"

"Na huyo mwenye mkono aje! Kila anayepita ananiuliza habari zake."

"Hataweza," nikasema. "Ana udhuru."

"Basi mbembeleze."

Udhuru, shemeji. Nimemsemea dada yako udhuru kama mtu aliyechelewa kupika. Tangu saa ile sijatulia. Nafanya kazi nikiwa nahesabu siku. Leo asubuhi nimejikata na patasi, mimi ambaye sijajikata miaka mingi.

Hofu yangu ni hii. Shule wanataka niwe mtengeneza madawati wao, asubuhi hadi jioni, na jibu wanalitaka Jumatatu. Jumamosi ikienda vibaya sina cha kusubiri, nitaweka tezo juu ya kabati. Nikisema ukweli mbele ya watu huenda nikavunjika, nao wakanunua kwa huruma. Sitaki bakuli langu litoke pale kwa huruma. Mwenye huruma hununua mara moja, kisha hukupita njiani akiangalia chini. Nikinyamaza, nitakuwa nimemfanya mke wangu kibandiko cha dukani. Tena mkono ule ulikuwa wa kwenu kabla haujawa wa nyumba hii. Sikuwauliza. Unisamehe.

Jana binti yako alinikalisha dirishani na bakuli jipya. "Lishike, baba." Nikalishika. "Mbona kama unamnyang'anya mtu?" Nikalegeza. "Sasa unaomba." Nikamwambia mkono wangu si wa kupigwa picha, una nyufa kama gogo. Akashusha simu, akafikiri, akasema, "Mpe mama aone kama umelainisha vya kutosha." Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila nikimaliza bakuli. Picha imetoka. Nimekuwekea ndani ya bahasha, uitazame na uniambie bila kunionea haya.

Kesho kutwa asubuhi nakwenda kwa mkutubi kumwambia udhuru ule ni udhuru gani. Kiti cha pili nitamwomba asikiondoe. Kama hospitali watakupa ruhusa, njoo ukikalie. Wasipokupa, atakaa binti yako.

Na wakiniuliza mkono ni wa nani, nimejizoeza jibu hapa kazini, nikiwa na vumbi la mbao mdomoni. Nitasema: ni wa mke wangu, ametangulia. Bakuli la kwanza lilikuwa likiyumba, akalishika lisianguke. Baadaye nilijua kusawazisha, hayakuyumba tena, lakini mkono hakuuondoa.

Zaidi ya hapo sina maneno. Usiku wa Ijumaa usinipigie kuniuliza kama niko tayari, maana siko. Niambie tu kama jibu hilo linatosha.

Nisalimie mumeo na wanao, na mama mkwe akiwa bado yuko kwako, mwambie miwani ya mwanawe ninaifuta kila Jumapili. Mungu awafunike huko mliko, na mgongo wako aupe wepesi.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama dada,

Bwana Msasa, kama ulivyonibatiza.