Jibu la Swali la Saba

Mama,

Nimekukamata. Ulifikiri ukishazikwa kesi imekwisha? Mashahidi ninao wanne, na wote wamesema.

Unawakumbuka wanafunzi wangu wa China. Au niseme wako? Mimi huku Maskati, mtaa wa Mabela, na kompyuta yangu mezani, wao kwao, wote mwaka wa mwisho wa sekondari, kila Jumamosi nikiwazoesha kusikiliza na kusoma Kiingereza cha mtihani. Wewe ulikaa pembeni na sinia lako ukichagua mchele. Nikikuuliza kama unafuata, unanijibu, "Mimi nnasikiliza tu, mwanangu, sifahamu hata neno." Na hukuniacha nianze mpaka niwaulize kwanza: "Watoto hao washakula?" Mwanzoni niliona haya. Kumbe Meiling, yule wa miwani mikubwa, akasema hata bibi yake humwamkia mtu kwa kumuuliza kama amekula. Tangu siku hiyo wakawa wanaleta mabakuli yao mbele ya kamera uyaone, nawe unayakagua moja moja, na asiyemaliza wali wake unamtikisia kichwa.

Sasa tuje kwenye swali la saba. Unalijua, usijitie hamnazo. Mwanamke anampigia simu mwanawe. Kwa nini anapiga? A, basi limechelewa. B, amesahau funguo. C, anataka kujua kama mwanawe amekula. Mwanamke mwenyewe anasema wazi kwamba yuko nje ya mlango na funguo hana, na sauti ile niliicheza mara mbili. Nikainuka kwenda kusali adhuhuri, nikawaacha wajibu. Wewe ulisema utasali baadaye, umalize mchele kwanza. Nami nikaamini!

Niliporudi, wote wanne wamejibu C. Nikawafokea. Nikawaambia hawasikilizi, wanabahatisha, na mtihani haumwonei mtu huruma. Wakainamisha vichwa. Wewe uliendelea na mchele wako, uso mkavu kabisa.

Ulipoondoka sikuweza, Mama. Azaa ilikwisha, zile siku za kupokea rambirambi, watu wakarudi makwao, na kila nikifungua kompyuta naliona lile sinia, naifunga. Miezi miwili kabla ya mtihani wao niliandika ujumbe wa kuwaambia wazazi watafute mwalimu mwingine. Nilijua hawatampata kwa muda uliobaki. Niliuandika hivyo hivyo, ukabaki kutumwa tu.

Jumamosi hiyo hiyo, saa ya darasa, ikaniingilia sauti waliyoirekodi wao. Ni zoezi la kusikiliza, wamelitunga kama ninavyowatungia mimi, na mwisho wake maswali sita ya kujibu mimi. Kabla ya kitu chochote wakasema pamoja, kwa Kiswahili chako: "Mwalimu, ushakula?"

Sikuwa nimekula. Nililia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Halafu wakapokezana kusoma, kwa Kiingereza kizuri wallahi, habari za bibi mmoja wa Maskati. Bibi alizaliwa wapi? Unguja. Alikuwa akichagua nini? Mchele. Miwani aliyovaa ilikuwa ya nani? Yangu, na hukuirudisha mpaka leo! Nikapata matano. La sita likanishinda: nani alitupatia jibu la swali la saba?

Wakanieleza. Mwalimu akishakwenda kusali, bibi huweka sinia chini, husogea mbele ya kamera na kuwaonyesha vidole. Kimoja A, viwili B, vitatu C. Na mara nyingi ulipatia, Mama, wewe usiyefahamu hata neno! Siku ile ulitoa vitatu. Wakakukatalia, ukavitikisa vidole vyako mpaka wakakubali shingo upande. Nilikuwa kama nakusikia: mama gani huyo apige simu asimuulize mwanawe kama kala? Na wao walikubali kufokewa wao, ili usifokewe wewe.

Niliufuta ule ujumbe. Tukasoma kila Jumamosi mpaka siku ya mtihani, na nikienda kusali nawaachia kiti chako mbele ya kamera. Wote wanne wamefaulu, alhamdulillahi. Meiling hakuniandikia neno, alinitumia picha ya bakuli lake, tupu, halina hata punje.

Mwezi ujao naanza na watoto wapya. Zoezi la simu nimelitunga upya na kulirekodi kwa sauti yangu. Mwanamke anampigia mwanawe, na safari hii funguo anazo mkononi, basi limefika kwa wakati, hana shida yoyote duniani. Kwa nini anapiga? Nakuahidi, maadamu darasa ni langu, jibu la swali la saba litakuwa C.

Lala salama, Mama. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Na mimi nimekula.

Mwanao,
Zuhura