Gari la Deeq na Uchungu wa Nusaiba

Hodo, uko? Nimechoka hata kuandika.

Unajua lile gari kuukuu la mwanangu Deeq, la magurudumu sita, linalopita majini. Leo mto umejaa, mkewe Nusaiba akashikwa na uchungu wa kuzaa, na hospitali iko ng'ambo. Deeq akasema giaboksi ameshatengeneza.

Kumbe breki ya kushoto, ile ya ndani inayoligeuza gari, ameikaza sana, magurudumu ya upande huo hayazunguki. Walipofika katikati likazunguka. Likazunguka tu, Hodo.

Nusaiba ameshika tumbo, anamwambia Deeq polepole, "Baba Amin, ule mti tumeupita tena."

"Ngoja, nailegeza."

"Mtoto hangoji spana."

Maji yenyewe ndiyo yaliyowarudisha upande wetu. Tukamkinga kwa leso, akajifungua hapo kwa mchanga. Msichana, mzima.

Sasa Nusaiba amelala. Deeq bado yuko chini ya gari na hakuna kitu anatengeneza. Anaogopa kuingia nyumbani.