Niliwapa Wakwe Chakula cha Njiani

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, ila unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza, maana nakufahamu. Gazeti lenu likishamaliza kazi kwa bosi linakuja jikoni kumenyewa vitunguu, kwa hiyo matatizo ya watu nayasoma yakiwa na maganda juu yake, na nimeona una mkono mzito.

Mimi ni kijana wa dirishani. Dirisha lenyewe ni la mgahawa unaotazamana na geti la kiwanda, pale wanaponunua wale wasio na muda wa kuingia ndani, na kwa eneo lote hili hakuna anayefunga chakula akanifikia, waulize. Shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha, tusibishane kwa hilo, lakini wapo walioimaliza ambao leo wanasimama foleni mbele yangu wakinikonyeza niwawahishe.

Zamani pale tulikuwa tunafunga chakula kwenye mifuko, wali huku mchuzi kule, na mteja akifika anakokwenda ana supu ya shati. Siku moja akaja dada mmoja, fundi cherehani wa karakana ya nyuma yetu, ameshika gauni jeupe la bibi harusi lenye tone la mchuzi wetu kifuani, hakunitukana, alinyoosha tu kitambaa mbele ya macho yangu akasema, "Kaka, hili nimwambie mwenyewe kuwa ni ua?" Mshauri, nilishindwa kulala kwa lile tone, na usidhani ni tone peke yake. Nikaenda kwa mzee anayekata maboksi ya keki, tukakata, tukakosea, tukakata tena, mpaka likatoka boksi ambalo sasa watu wanaliulizia kwa jina langu. Mchuzi una chumba chake chenye mfuniko wa kubana, wali una chumba chake, mfuniko mkubwa ukiugeuza unakuwa sahani, ukingoni kuna kijiko cha kuchomoa, na nyuma kuna kitanzi cha kupitisha kidole, mtu anakula anatembea na mkono wa pili unashika simu. Ukimaliza unalifuta, unalikunja, linakuwa kasha la kuwekea chochote, misumari, dawa, hata vifaranga nimeona. Yule dada anawekea vifungo. Bosi ameniita Injinia tangu siku hiyo, jina sikuliomba ila silikatai, na yule dada naye baada ya muda akakubali kuwa mchumba wangu, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote isipokuwa rafiki zangu wote.

Sasa shida. Mchumba wangu alilelewa na mjomba wake baada ya baba yake kufariki, ni mzee mpole, seremala, haongei sana, na bila yeye kusema ndiyo hakuna ndiyo. Wakapanga waje nyumbani kwetu, yeye na mkewe, ambaye sisi tunamwita shangazi, na binti mwenyewe, watuone tunavyoishi na waongee na baba mdogo wangu ambaye ndiye anasimama mahali pa baba. Mama akaazima sahani nzuri kwa jirani, zile zenye ukingo wa buluu, akaziosha tangu asubuhi akazipanga mezani. Mimi nikafika na maboksi yangu, mapya, nimeyachagua moja moja.

Mama akauliza, "Hayo ya nani?"

Nikamwambia ya wageni.

"Mgeni anapewa sahani."

"Mama, dunia imeenda mbele."

"Iende. Mgeni akae."

Mshauri, mama yangu ni mzazi mwema lakini mambo ya ufundi humwambii. Nikasubiri aende kubadilisha nguo, nikapakua chakula chote kwenye maboksi, nikabana mifuniko, nikayapanga kwenye stuli karibu na mlango ili wageni wakiingia jicho lao lianzie pale. Nilitaka yule mzee seremala, mtu anayejua kona iliyokatwa vizuri ni ipi, aone mkwe anayempata si mtu wa kubahatisha.

Wakafika. Nikawaonyesha viti, wakaketi, shangazi hajaweka hata mkoba chini, mama anafunga kilemba, baba mdogo yuko chumbani anatafuta kiatu cha pili, na mimi mikono ikawa inawasha. Nikachukua boksi la kwanza nikapitisha kitanzi kwenye kidole cha mjomba kama ninavyofanya kazini, la pili kwa shangazi, na hapo ulimi wangu, ambao kwa siku nzima huwa unasema kitu kimoja tu, ukasema chenyewe bila kuniuliza:

"Haya, safari njema. Anayefuata."

Anayefuata alikuwa mchumba wangu. Hakunyoosha mkono.

Mjomba akaliangalia boksi, akaniangalia mimi, akauliza kwa upole kabisa, "Kijana, hiki ni cha kula hapa au cha kwenda nacho?"

Na mimi, kwa kuwa ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, nikamjibu, "Popote, mjomba, ndiyo sifa yake. Hata ukitembea hakimwagiki."

Akamtazama mkewe. Akainuka. "Basi," akasema, "tutembee."

Wakatoka na maboksi yao vidoleni. Binti akatoka nyuma yao mikono mitupu. Mama alipotokea na kilemba chake, na baba mdogo akiwa amevaa koti na viatu vyote viwili na hotuba yake kichwani, wakakuta viti.

Niliwafuata mpaka kona nikidhani watageuka. Hawakugeuka, lakini nilimwona mjomba amefungua boksi, anakula huku anatembea, na wallahi hakuna tone lililogusa shati lake, na nakiri kwako peke yako kwamba kwa nusu dakika nilifurahi.

Jioni mama alirudisha sahani. Jirani akamuuliza, "Vipi, wageni hawakuja?" Mama akamjibu, "Walikuja, wakapita." Tangu hapo ananiongelesha kwa kupitia baba mdogo, hata tukiwa tumekaa mkeka mmoja, "mwambie mwenzako chumvi iko pale," na chumvi iko mbele yangu.

Mjomba amepeleka ujumbe kwamba walikuja kuketi wakapewa cha njiani, na kwamba yeye nyumba inayomuaga kabla ya kumsalimu hairudii. Nimempigia mchumba wangu simu hapokei. Aliniandikia mara moja tu: "Mimi nataka mume, sitaki dirisha." Karakanani wananiambia katoka, na cherehani yake naisikia inalia ndani.

Sasa mimi nimefikiri sana na ufumbuzi nimeupata, nataka tu uniambie ni mzuri kiasi gani. Nimechora boksi jingine, kubwa, la familia nzima, lina vyumba vya kila mtu na katikati pa mchuzi wa pamoja, mfuniko wake ukiufungua miguu inashuka linakuwa meza, yaani linasimama lenyewe, na juu nitaandika kwa wino wa dhahabu "Samahani Mjomba". Mzee wa maboksi ya keki anasema kitu kama hicho hajawahi kukata. Swali langu, nianze kumpelekea mjomba au nipitie kwa shangazi? Na kosa langu hasa ni nini, maana chakula kilikuwa kingi, kilikuwa cha moto, na hakikumwagika?

Jibu mapema, ila usiniseme kwa herufi kubwa, mama naye analisoma hili gazeti.

Wako,
Injinia wa Dirishani


MSHAURI ANAJIBU

Injinia,

Herufi zangu ni ndogo. Maneno sikuahidi.

Chakula hakikumwagika, nimekusikia, na boksi umelitaja mara nyingi kuliko ulivyomtaja mchumba wako. Barua yako inanieleza boksi lako lina vyumba vingapi na kidole kinapita wapi, na mpaka nimefika mwisho sijui huyo binti anacheka na nini wala anaogopa nini. Ungekuwa mkorofi ningekuacha. Wewe si mkorofi, ni mtu aliyependa kazi yake mpaka ikamfuata sebuleni na kuongea badala yake. Hilo linasameheka, lakini si kwa njia unayoitaka wewe.

Umeuliza kosa. Kosa ni kwamba uliwaaga watu ambao hujawakaribisha. Chakula kilichofungwa ni kizuri sana kwa mtu anayeondoka. Mpe mtu huyohuyo kitu hichohicho wakati ndiyo kwanza anakaa, na umemwambia ainuke, hata kama mdomo ungekuwa umefungwa. Wako haukufungwa.

Na tuliangalie swali la mjomba, maana hapo ndipo ulipojimaliza. Wewe ulidhani mzee anauliza habari za ufundi. Seremala, Injinia, haoni kona ya boksi akashindwa kuisoma. Alijua kabisa alichoshika. Alikuwa anakufungulia mlango ili urudi, useme, "Hapa, mjomba, kula hapa, ngoja nilete sahani," na mambo yangeishia kwenye kicheko, angekutania mpaka siku ya harusi. Mtu mzima asiyekuheshimu anakuacha uanguke. Aliyekuheshimu anakuuliza swali kwanza. Yeye alikuuliza. Wewe ukamtangazia biashara.

Kinachonifanya nisikukatie tamaa ni lile gauni. Boksi lako lilitokea kwa sababu siku moja mwanamke alisimama mbele yako na shida yake na ukamsikiliza mpaka usingizi ukakukimbia. Hakukupendea kitanzi. Alipenda kwamba alisema jambo na kuna mtu lilimwingia. Siku ya wageni mama yako alisema neno, halikukuingia. Mjomba akasema, halikukuingia. Binti mwenyewe alikataa kunyoosha mkono, na hilo nalo ni neno, ukalipita. Anapoandika kwamba hataki dirisha, hafanyi mzaha wala hajakuacha. Anayekuacha hakuelezi anachokitaka. Yeye anakuuliza kama yule kijana wa tone la mchuzi bado yupo.

Sasa fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio wangu, si wa kwako.

Ule mchoro wa boksi kubwa uutie motoni. Najua itakuuma. Wino wa dhahabu, kama umeshaununua, mrudishie mwenye duka. Mtu aliyeumizwa na boksi hapelekewi boksi lenye miguu.

Kisha nenda kwa mama yako, moja kwa moja, bila kupitia kwa baba mdogo. Usimweleze dunia imefika wapi. Mwambie, "Mama, nimekuaibisha mbele ya jirani," halafu nyamaza, umwachie nafasi ya kukusema. Atakusema. Usitafute mahali pa kuingiza jibu, hakuna. Akishamaliza, nenda wewe kwa huyo jirani ukamwambie wageni hawakupita, uliwafukuza wewe, ili mama yako asibaki na aibu isiyo yake.

Halafu umwombe baba mdogo akupeleke kwa mjomba. Avae koti lake, ana hotuba ambayo haijatumika. Ninyi wawili tu, mikono mitupu, jioni ambayo mzee ameshaweka randa chini. Usipitie kwa shangazi, huyo mzee si mtu wa kuzungukwa. Baba mdogo akishafungua mazungumzo, wewe sema sentensi moja: "Mjomba, niliwaaga kabla sijawakaribisha, nimekuja kuomba mnirudie." Basi. Usieleze ulimi ulivyoteleza, usieleze mazoea ya kazini, na narudia kwa faida yako, usitaje boksi. Akilitaja yeye, hata akilisifu, na nina wasiwasi atalisifu, sema ahsante na uangalie chini. Hiyo itakuwa kazi ngumu kuliko zote ulizowahi kufanya, na ndiyo itakayompa jibu lake.

Akisema hapana, usibishane, usipige simu kesho yake, rudi baada ya muda ukiwa na sentensi ileile. Wazee wengi hapana yao ya kwanza ni ya kupima urefu wa pumzi.

Binti usimvizie karakanani. Mwandikie kwamba umemwelewa na kwamba unakwenda kwa mjomba, na usimwombe jibu. Cherehani ikinyamaza utaisikia.

Kazini endelea. Boksi lako ni zuri, nimelitumia. Dirisha lenu nalijua, na kijiko kinavunjika, lakini tutaongea siku nyingine.

Na siku utakapofika kwa mjomba, wakikuletea chakula, kaa. Usiangalie kimefungwaje, usiangalie mlango, usitafute cha kubeba. Kula polepole, jibu unachoulizwa, acha waongee wao mpaka waishiwe maneno. Mzee akikuuliza kama umeshiba, mwambie bado kidogo.