Ile Regilateri Uliyotoa

Kaka Hubert,

Salamu zako zimefika. Mama iko muzima, mihogo imekomaa. Unauliza kama bwana yangu Jérémie atarudi kwa mbio za gari. Hauna hata haya?

Mikono yake yote mbili imeungua. Kijiko hawezi kushika, miye njo ninamulisha.

Siku ya mbio, ukitengeneza gari lake, alikuambia mbele yangu: "Hubert, acha regilateri, njo inapunguza nguvu ya esanse, haya mafuta ya gari. Bila yeye, hii pompi ya esanse itafurikisha karbirateri."

Ukacheka: "Esanse ikiwa mingi, tutawaacha wote kwa vumbi."

Akaenda kuvaa kofia, weye ukatoa ile regilateri. Gari haikufika mbali. Esanse ilimwagika juu ya motere, ikawaka naye ndani. Weye ukapanda pikipiki, ukakimbilia Goma.

Kinachoniunguza roho ni hiki: Jérémie anaambia watu ni yeye aliitoa. Miye ananiambia eti weye ni ndugu yangu, nisikuaibishe. Mama anamuamini, anamugombeza kila siku kwa ujinga wake, naye ananyamaza.

Miye sitanyamaza tena. Jumapili nitasimama kanisani na kusema yote. Kama unataka kunitangulia kuungama, njia ya kurudi huku kwetu Pinga unaijua.

Mutoto wa mama yako,
Valérie