Hatua Mia Tatu na Kumi na Moja

Jumamosi, 16 Novemba

Kalamu nene, wino mweusi. Maneno sita kwa mstari. Nikiandika kwa herufi ndogo zaidi ya hizi, sijisomi mwenyewe. Si neno. Kalamu hii imenipunguzia maneno mengi, na maneno mengi ni ugonjwa nilioanza nao zamani kuliko huu wa macho.

Daktari kasema yale yale: jicho la kushoto limekwisha, la kulia linafuata. Katikati ya kila kitu pana ukungu. Kingo naziona. Nikimtazama mtu usoni, naona masikio.

Mwanangu Ginevra kapiga simu kutoka Mestre. Chumba changu kiko tayari huko bara, nje ya mji wetu huu wa mifereji. Cha chini, hakina ngazi, na mtaa mzima hauna daraja hata moja. Nikamwambia ndiyo maana sikitaki. Tukagombana kama ilivyo desturi yetu. Mwishowe akasema: haya mama, Jumapili ya wiki ijayo nakuja. Utoke mlango wa kanisa la Giglio mpaka mlango wa kanisa la Salute, ng'ambo ya Mfereji Mkuu, peke yako, bila kushikwa mkono. Ukifika, sitakutajia Mestre tena. Ukishindwa, unafunga mizigo.

Nilikubali kabla hajamaliza. Mdomo huu!

Njia yenyewe ni ya dakika kumi. Nimeipita miaka sabini na tatu, na sikumbuki siku niliyoitazama.

Jumatatu, 18 Novemba

Daraja la nadhiri limefunguliwa. Mbao tupu, limelazwa juu ya Mfereji Mkuu kama kila Novemba, ili watu wavuke kwenda Salute na mishumaa yao. Mababu waliahidi kanisa hilo wakati wa tauni, sisi tunalipa mpaka leo.

Nimeamua kutembea nimefumba macho kabisa. Nusu kuona kunadanganya kuliko kutoona. Kidole kimoja ukutani, nahesabu. Mlango wa Giglio mpaka majini: hatua tisini na sita.

Na hapo, kwenye hatua ya tisini na sita — sijui niandikeje. Kichochoroni sauti ya viatu vyangu ilikuwa inanirudia kutoka kuta zote mbili. Ghafla haikurudi. Ilikwenda moja kwa moja. Masikio yangu yaliuona Mfereji kabla sijaufikia, upana wake wote, hadi kuta za ng'ambo. Nilisimama mwili unanisisimka. Miaka yote hii ulikuwa mkubwa hivi?

Daraja: mia moja thelathini na mbili. Jirani yangu Pasqua, wa ghorofa ya chini, alikuwa nyuma yangu na kikapu chake. "Fosca, umeanza uganga? Fumbua macho, utamkanyaga mtalii wa Kijerumani."

Jumanne, 19 Novemba

Upande wa pili nimeumaliza. Kutoka mguu wa daraja: kichochoro, kisha upenu mrefu unaopita chini ya nyumba, unaonuka chumvi na mkojo wa paka, kisha kidaraja kidogo — ngazi saba kupanda, saba kushuka — kisha uwanja wa Salute na ngazi zake pana. Themanini na tatu.

Jumla mia tatu na kumi na moja. Nimelala na namba hiyo kama mtoto na mdoli.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Nimeanguka kwenye kidaraja, ngazi ya tano. Ina utelezi wa kijani. Goti limevimba. Hajaniona mtu. Nilirudi mpaka Giglio nikaanza upya.

Alhamisi, 21 Novemba

Sikukuu. Leo sikuhesabu kitu, nani angeweza? Mji mzima uko darajani. Mbao zinatetemeka chini ya nyayo za watu elfu, nami nabebwa katikati yao kama kifurushi. Watoto wanalilia maputo. Mafuta ya maandazi. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa anamweleza mkewe kila kitu — sasa tuko katikati, sasa tunashuka — na mke anamjibu, mume wangu, mimi ni mzee, si kipofu. Nilicheka peke yangu.

Ndani ya Salute niliutoa mshumaa wangu, mkono fulani ukaupokea. Kisha nikapigwa na joto usoni. Mishumaa yote kwa pamoja! Katikati sikuona kitu. Lakini kingoni, pande zote, moto, moto, moto, na juu yake giza la kuba linapanda bila mwisho. Nimekuja hapa tangu nabebwa mgongoni. Leo ndipo nimepaona. Nilimshika mkono Pasqua, niliyekuja naye.

Watu huomba afya. Nilikusudia kuomba macho. Mdomo ukasema: niache hapa hapa.

Usiku supu ya kondoo na kabichi kwa Pasqua. Chumvi imezidi. Sikumwambia.

Jumamosi, 23 Novemba

Mara mbili. Bila kosa. Mia tatu na kumi na moja, na tena mia tatu na kumi na moja. Kesho Ginevra ataona.

Jumapili, 24 Novemba

Tobia, mjukuu wangu, ana homa. Ginevra atakuja kesho asubuhi. Nikamwambia kesho ni sawa, mimi niko tayari hata usingizini.

Nilipokuwa nampa Pasqua habari hiyo ngazini, alianza kucheka. Kisha akaacha.

"Kesho? Na daraja je?"

Daraja. Leo jioni linafungwa. Kesho alfajiri mafundi wanaling'oa.

Mimi, mzaliwa wa hapa, niliyeliona likija na kuondoka mara sabini na tatu! Nimejifunza kwa moyo njia ya wiki moja. Pasqua kanishika bega: "Umekariri barabara inayokunjwa kama kitanda cha mgeni." Kasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza.

Kuzunguka kwa daraja kubwa la Accademia ni mbali, sijaihesabu hata kona moja. Kimebaki kivuko — ile gondola ya Berto, mtumbwi mwembamba unaovusha watu wakiwa wamesimama. Tangu ukungu uanze sijaikanyaga. Ardhi ina hatua. Maji hayana.

Ningeweza kumpigia Ginevra nimwambie ngoja. Simu ilikuwa mkononi. Nimeirudisha mezani. Naogopa.

Jumatatu, 25 Novemba

Niko kwenye ngazi za Salute. Naandikia gotini, lile bovu. Haraka.

Giglio mpaka majini: tisini na sita. Ginevra nyuma yangu, kimya, kama tulivyokubaliana. Majini nikasikia nyundo. Wanaling'oa kweli.

Akasema, mama, daraja halipo, basi tena, twende tukanywe kahawa tuzungumze vizuri. Nikamwambia hatukusema daraja, tulisema mlango mpaka mlango. Nikamkataza kupanda. Peke yangu ni peke yangu.

Berto alinipa kiwiko niingie, kisha akakitoa bila kuambiwa. "Bi Fosca, leo utakaa?"

"Tangu lini nimekaa?"

"Mama, kaa chini!" Huyo ni Ginevra, sauti imempasuka.

Sikukaa. Gondola ikaachia. Nikasema moja — na hapakuwa na mbili. Hapakuwa na cha kuhesabu. Maji yaliinuka chini ya nyayo, yakashuka, nami nikashuka nayo. Miguu ilijua. Haikuniuliza chochote. Nikafumbua macho. Katikati ukungu. Kingoni majumba yote, upande huu na upande ule, yamesimama ndani ya maji yakinimulika. Kumbe Mfereji ni kingo tupu! Nililia, na sikujificha.

Ng'ambo gondola haishushi pale mguu wa daraja ulipokuwa. Nilipotea. Ukuta si wangu, harufu si yangu. Ndipo nikasikiliza nyundo. Walikuwa wanaling'oa daraja, na daraja likawa linaniita: huku, huku. Nikazifuata mpaka fundi mmoja akasema, bibi, hapa hapapitiki. Nikamwambia asante mwanangu, ndipo hapa. Nikageuka. Moja.

Themanini na tatu. Nimegusa mlango wa Salute kwa viganja vyote viwili.

Sasa Berto amemrudia Ginevra. Sauti huteleza juu ya maji, nawasikia. Berto: simama basi kama mama yako. Ginevra: nimekaa, nimekaa, wewe piga kasia. Mzaliwa wa mtaa wa San Samuele, hapa hapa mjini, huyo! Bara imemfanya nini?

Hajasema lolote kuhusu Mestre. Huenda amekasirika. Huenda ana kisingizio kingine, namjua, nilimzaa.

Ameshuka. Viatu vyake vyembamba vya bara vinagonga kichochoro. Anakimbia. Ishirini. Thelathini na tano. Ameingia upenuni. Anakimbilia kidaraja — naacha kalamu, nimpigie kelele ashike ukuta, ngazi ya tano ina