Sauti ya Mama Mkwe Mfukoni mwa Suruali

Mpendwa Shangazi Mwantum, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kunifikisha polisi, maana nina hasira, na ukiona mahali kalamu imetoboa karatasi ujue hapo ndipo nilipoandika jina la mume wangu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Makole hapa Dodoma, kwetu ni Bahi, na mume wangu Castory ni karani wa stoo kwenye ofisi moja hapa mjini. Shangazi, tangu zilipoingia hizi simu zinazorekodi, Castory amekuwa mtu mwingine. Unayajua yale matangazo ya magazetini, tuma neno fulani upate mlio wa wimbo, halafu salio lako linakatwa, basi yeye akasema huo ni wizi, akaenda intaneti kafe akajifunza programu ya bure ya kukata sauti kwenye kompyuta, akawa anachukua kwaya, dansi, jogoo, hata honi ya treni kule Ihumwa, anakata sekunde ishirini, anaongeza sauti mpaka spika inakwaruza, anaingiza kwenye simu kwa waya, na kazini kwake watu wakawa wanapanga foleni mezani pake awatengenezee milio, bure kabisa, hata soda hataki, anachotaka ni kuitwa Fundi.

Sasa mama yangu, jina lake Raheli, alikuja kunilea mwaka jana nilipojifungua Jordan. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani, wanaheshimiana kwa mbali, na Castory kwa hilo sikuwa na la kumlaumu, akirudi kazini anakohoa mlangoni mara mbili ili mama apate muda wa kujifunika na kuingia chumba cha ndani, shikamoo anaitoa akiwa sebuleni na mama anaitikia akiwa nyuma ya pazia. Lakini mchana, tukiwa sisi wanawake tu, mama alikuwa anatupa kitenge pembeni anamchezesha mjukuu wake, na unajua bibi anavyomtania mjukuu wa kiume, anamwita mume, anasema, "Mume wangu! We mume wangu, amka basi, mkeo nimechoka kukungoja!" halafu anacheka kile kicheko chake cha kupiga mapaja. Ni sauti tamu, Shangazi, sijapata kuisikia sauti tamu kama ile.

Sauti hiyo ndiyo Castory aliyoigeuza mlio wa simu. Akaiweka kwenye simu yake, akasema inamchekesha akiwa na mawazo, na mwenzake wa kazini anaitwa Fredy akaipenda, akarushiwa kwa blutuu, Fredy naye akawarushia wengine, na mimi nikawa naona ni mzaha wa ofisini tu utapita.

Mwezi wa sita tukaenda Bahi, mdogo wangu Debora anaposwa. Wageni wametoka Kondoa, watu wazima wenye kanzu na heshima zao, wameketi barazani na wanaume wa kwetu, Castory yumo katikati yao kama mkwe mkubwa wa nyumba, mama yuko ndani na wanawake, mlango wazi. Mshenga wao anaanza kueleza walichokuja nacho, na hapo hapo Fredy anapiga simu. Shangazi, ile suruali Castory alikuwa ameinunua juzi yake na ilikuwa imembana mno, akahangaika kuitoa simu haitoki, na mama yangu akaita kutoka kwenye paja la mkwewe mara tatu, mume wangu, amka basi, mkeo nimechoka kukungoja, na kicheko juu yake. Kila mtu alielewa kuwa ni bibi anamtania mjukuu, hakuna aliyedhani vingine, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana wote walijua wanasikia kitu kisicho chao. Vijana wa Kondoa wakacheka. Wazee wetu wakatazama chini.

Mama akaja mpaka mlangoni, amejifunika mpaka machoni, akasema, "Nani amechukua sauti yangu?" Castory akanitazama mimi, nami nikatazama chini, naye akanyamaza, na mama akageuka akaingia ndani na hakutoka tena mpaka wageni walipoondoka.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Mama ana mtoto wa jicho. La kushoto limeshafunga, la kulia anaona vivuli tu, juzi kidogo akanyage moto jikoni. Kuna madaktari wa macho wanakuja hapa mjini mwezi ujao kwa wiki moja, jina lake limeshaandikwa, siku yake ya kupasuliwa ni tarehe kumi na nne, na ilikuwa akae kwangu mwezi mzima maana dawa ya matone inatiwa mara nne kwa siku. Nilipompigia kumkumbusha akasema, "Elieth, afadhali nipofuke kuliko kulala kwenye nyumba ya mwanamume anayenibeba kwenye suruali." Akakata simu.

Kaka yangu Matonya amesema njia ipo, Castory apeleke mbuzi, atafute mtu wa kumsemea, aombe radhi, yaishe. Nikamwambia Castory. Unajua alinijibu nini huyu mtu? "Mbuzi nitapeleka, lakini twende wote, na wewe useme." Kiburi gani hicho, Shangazi? Nikashikwa na hasira, nikachukua simu yake nikaizamisha kwenye beseni la vyombo vichafu mpaka ikazima, na leo siku ya tano hatusemeshani. Na Jumamosi nimeusikia ule mlio sokoni, kwenye simu ya kijana muuza nyanya, nikamtukana mbele za watu na yeye wala hanijui.

Sitaki kukudanganya, aliyerekodi ni mimi. Castory alikuwa ameacha simu kwenye chaji, nikambonyezea mama bila yeye kujua, nikamwambia Castory anikatie iwe mlio kwenye simu yangu mama akinipigia, ili akirudi Bahi niendelee kumsikia. Lakini mimi niliweka kwenye simu yangu mwenyewe, na mimi ni binti yake. Kurekodi si kosa, kosa ni kumtia mama wa watu kwenye suruali na kumgawa mjini. Nifanye nini ili mume wangu akubali kosa lake? Au nimwache?

Ni mimi, Mama Jordan, Makole.

*

Mama Jordan, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia mumeo, na ya pili nilikukasirikia wewe, na hasira ya pili ndiyo iliyobaki.

Nianze na huyo Fundi, asije akadhani amepona. Castory, najua unasoma gazeti hili, hata kama ni kwa kuchungulia begani mwa mkeo. Mtu anayekohoa mara mbili mlangoni kwa ajili ya heshima anajua vizuri kabisa heshima ni nini. Ulikuwa unakohoa ili usimwone mama huyu bila kitenge, kisha ukaibeba sauti yake isiyo na kitenge ukaiweka pajani, na ukampa Fredy. Usiniambie kwenu hakuna mila hiyo, nchi hii haina kabila ambalo mama mkwe ni mchezo. Na hiyo bure yako isikudanganye. Ulikataa kukatwa salio, ukamkata mama wa watu, na anayelipa ni yeye, kwa macho yake. Una akili ya kompyuta, mwanangu, lakini hukuuliza swali dogo hata moja: mwenyewe anajua?

Sasa wewe, binti. Umeandika kurasa nne za kumlalamikia mumeo, na jambo lenyewe umelibana mwishoni kama mtu anayeficha kipande cha nyama chini ya ugali. Nyani haoni kundule. Nani alimbonyezea mama simu wakati amejiachia, akiamini yuko na mwanawe tu? Mama yako alijificha kwa mkwe, hakujificha kwako. Pazia lilikuwa la Castory, na wewe ndiye uliyelifunua kwa ndani. Unasema kurekodi si kosa. Kama si kosa, mbona alipouliza mlangoni ulitazama chini?

Na hapo ndipo uliponichefua hasa. Mama yako mzee, nusu kipofu, amesimama mbele ya wageni na aibu yake, anauliza nani amechukua sauti yake. Watu wawili walikuwa na jibu. Mumeo akakutazama, akasubiri useme, hukusema, naye akanyamaza. Alikuwa anaweza kusema, "Ni mwanao, mama, muulize yeye." Hakusema. Amebeba lawama ya watu wawili mbele ya ukoo wako mzima, na alipokuomba mwende pamoja na wewe useme, ukaita kiburi ukamzamishia simu kwenye maji ya vyombo! Umeiua simu, binti, lakini mlio unatembea sokoni unauza nyanya. Unaniuliza umwache. Umwache kwa kosa lipi, la kukufunika?

Najua ulirekodi kwa mapenzi. Na mimi mama yangu angekuwa hai ningetamani nimsikie akicheka kila simu inapolia, nisingechoka. Hilo nakuelewa, na ninakuonea huruma. Lakini mapenzi hayakupi ruhusa. Ungemwambia, "Mama, nataka nibaki na sauti hii," angekupiga kibao cha utani na pengine angekucheka, na angekuchagulia mwenyewe cha kurekodi.

Basi nyanyuka. Jumamosi panda gari la asubuhi uende Bahi, peke yako, simu uiache nyumbani. Usipitie kwa Matonya kwanza, wala kwa shangazi zako, ukipitia huko utarudi na ushauri wa watu sita na moyo wako utakuwa umeshapoa. Nenda moja kwa moja jikoni kwa mama yako, ukae chini, sio kwenye kigoda. Sema, "Mama, aliyechukua sauti yako ni mimi." Sema hilo kwanza, maneno ya Castory yaje baadaye. Usilie kabla yake, maana ukilia ataanza kukubembeleza wewe, na zamu ya kubembelezwa si yako. Akikutukana, tukanwa. Akinyamaza, kaa hapo hapo, menya mihogo, chota maji, lala, kesho yake useme tena.

Mbuzi atakuja wiki inayofuata, na Castory aje naye kwa njia alizozieleza kaka yako, na mtu wa kumsemea. Yeye mwenyewe asifungue mdomo. Tena asivae ile suruali.

Kuhusu huko mjini, maji yakimwagika hayazoleki, lakini hiyo si sababu ya kuyaacha yatiririke. Castory aende kwa Fredy, na kwa kila aliyemrushia, mtu mmoja baada ya mwingine, awaambie, "Futa, huyo ni mama mkwe wangu." Sentensi hiyo inatosha. Mwanamume mwenye mama mkwe ataifuta mbele yake, na asiyefuta amtafutie mlio wa punda ampe badala yake, maana unamfaa. Wewe nenda kwa yule muuza nyanya ukamwombe radhi, hakuwa na kosa, kisha mwombe afute. Na simu yako, ile ambayo mama akipiga inaita kwa sauti yake, usiniambie umeshaiondoa, maana hukusema. Iondoe leo. Atakapokupa ruhusa utairudisha.

Jambo la mwisho, na hili halina mjadala. Macho hayasubiri mbuzi. Mama akikusamehe ila akasema kwenye nyumba ya Castory hatalala, usibishane naye hata neno moja. Huna ndugu mwingine hapo mjini? Huna mama mdogo, huna mama mkubwa, huna dada wa kanisani? Mtafutie kitanda kwa yeyote anayemheshimu, hata kama ni Ihumwa, na wewe uwe unakwenda kumtia dawa asubuhi, mchana, jioni na usiku, kwa miguu ikibidi, na Castory abaki na mtoto. Heshima yake itakaa kwa huyo ndugu, na jicho lake litapona. Nyumba yako si kitu hapa.

Tarehe kumi na tano, daktari atakapofungua bandeji ya jicho lake, wa kwanza atakayeonekana mbele yake ni wewe, Elieth. Nenda Bahi Jumamosi hii, ili siku hiyo akikutazama, usitazame chini.